Fomu Arobaini za Koboko

Mwalimu Ondoga hakuwa mtu wa kupiga meza. Hasira zake alizitoa kwa kidole kimoja. Akiipenda kazi yako aliivuta kwake, na asipoipenda aliisukuma taratibu mpaka ikugonge kifuani. Jumanne hiyo asubuhi alisukuma fomu arobaini kwa mkupuo, na Zulaika akazidaka kabla hazijamwagika sakafuni.

"Hizi zimeharibika," alisema mwalimu. "Zote."

Ofisi yake ilikuwa katika moja ya zile nyumba za kizamani za Arua Hill, ambamo chuo kilikuwa kimepanga vyumba vinne. Ondoga alikuwa amesomea Tanzania ujanani, na tangu arudi Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Wanafunzi walimcheka pembeni. Mbele yake kila mmoja alijikaza kusema vizuri.

"Zimeharibikaje, Mwalimu?"

"Soma mwenyewe. Ukurasa wa kwanza."

Zulaika hakuwa na haja ya kusoma. Alikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya biashara, na utafiti wake wa mwisho ulihusu wanafunzi wa biashara wenyewe: kinachowasukuma kusoma, msongo wa mawazo unaowatesa, na kama wanajiona wana usukani wa maisha yao au la. Fomu zilikuwa themanini. Arobaini zilijazwa na wanafunzi wa kutwa hapa Arua, na arobaini na darasa la Jumamosi kule Koboko, watu wazima wenye kazi zao waliokuwa wakisoma mwisho wa wiki katika ukumbi wa kupanga. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na jozi kumi na mbili za sentensi. Upande mmoja uliandikwa: nikifaulu, ni kwa juhudi yangu. Upande wa pili: nikifaulu, ni kwa mambo yaliyo nje ya uwezo wangu. Mtu achague upande mmoja, atie tiki.

Watu wa Koboko walikuwa wametia tiki pande zote mbili. Si mmoja wala wawili, bali wote arobaini, karibu kila jozi.

"Kipimo hiki kina kanuni moja tu," alisema Ondoga. "Chagua moja. Aliyetia mbili hajajibu kitu. Jopo linakaa Ijumaa saa nne. Lete fomu arobaini nyingine zilizojazwa inavyotakiwa, au tuonane mwakani."

Mwakani! Kwa mwalimu lilikuwa neno la kawaida tu. Kwa Zulaika lilikuwa mlango unaofungwa. Chama cha ushirika cha wakulima wa muhogo na simsim kule Lurujo kilikuwa kimemwahidi kazi ya umeneja, baada ya kumwona akifanya mafunzo ya vitendo kwao miezi miwili na kuupenda ukali wake. Wakulima wale walikuwa wamemsubiri kwa subira, lakini katiba yao ilisema meneja awe na cheti mkononi kabla ya Desemba. Asipohitimu mwaka huu nafasi ingechukuliwa na mtu mwingine, na kazi kama hiyo, ya ofisi yako mwenyewe saa moja kutoka kwenu, haiji mara mbili.

Aliteremka kilima na fomu zake kifuani. Na hapa lazima nikuambie ukweli kuhusu huyu binti Sule, maana bila hivyo hutamwelewa. Zulaika alikuwa mtu wa kushika usukani. Ukutani mwa chumba chake palikuwa na ratiba ya rangi tatu. Mvua ikinyeshea nguo zake kambani hakuilaumu mvua, alijilaumu mwenyewe kwamba hakutazama mbingu. Akipata alama ndogo ni uzembe wake, na akipata kubwa anajiuliza kwa nini haikuwa kubwa zaidi. Tangu Februari tumbo lake lilikuwa limekataa pilipili, chai ya rangi na maharage. Alikuwa akitafiti msongo wa mawazo wa wenzake huku wake mwenyewe ukimla akiwa wima, na wala hakuona kichekesho kilichokuwemo.

Christelle alikiona. Alikuwa mwenzake wa chumba, binti wa wafanyabiashara wa vitenge kutoka Congo waliohamia Arua zamani, na alikuwa na kipaji cha kusema jambo zito huku anakaanga mandazi.

"Zule, utakufa juu ya karatasi," alisema. "Baba yako na mama yako batakuja kunilaumu mimi."

"Nitapata wapi watu arobaini kwa siku mbili na nusu?"

"Uliza Anguzu."

Walicheka wote wawili, kisha wakaacha kucheka. Kila mtu wa mwaka wa tatu alimjua Anguzu. Alikuwa kijana mpole, mwenye adabu, anayesali kila Jumapili, na kazi yake ya pembeni ilikuwa kujaza fomu za utafiti za wenzake. Alikuwa na kalamu za aina sita. Aliweza kuandika kwa mkono wa kulia kama mwalimu wa shule na kwa mkono wa kushoto kama bibi aliyejifunza kusoma uzeeni. Alikunja fomu nyingine, nyingine akazidondoshea mchuzi. Alijivunia kwamba hakuna mwalimu aliyewahi kumkamata, naye alikuwa na haki ya kujivuna, kwa sababu ilikuwa kweli.

Anguzu mwenyewe alikuja saa nane mchana bila kuitwa. Habari za fomu zilikuwa zimeshamfikia.

"Dada Zulaika, nasikia iko na shida," alisema akiwa amesimama mlangoni. "Mimi naweza saidia. Arobaini si kitu."

"Asante, Anguzu. Ngoja kwanza niende Koboko."

"Koboko ya nini? Watu yenyewe ndio waliharibu."

"Wataharibu mara moja. Mara ya pili nitasimama juu ya vichwa vyao."

Alimaanisha. Alimpigia simu Night Poni, kiongozi wa darasa la Jumamosi, mama wa miaka arobaini na moja aliyekuwa na mashine ya kusaga nafaka pale Koboko mjini. Mama Poni hakuuliza maswali mengi. Alisema njoo kesho saa saba, watu wakitoka kazini kula nitawashika.

Jumatano saa saba Zulaika alikuwa mbele ya mashine, ana fomu mpya arobaini na kalamu kwenye mfuko wa nailoni. Mama Poni alikuwa mweupe kwa unga tangu kichwani hadi kwenye nyusi. Kina mama wenye ndoo za muhogo mkavu walikuwa kwenye foleni, na pembeni, kwenye mabenchi na magunia, walikaa wanafunzi kumi na tisa wa darasa la Jumamosi. Nesi alikuwepo, na mwalimu wa shule ya msingi, na askari aliyeomba ruhusa. Alikuwepo pia Hamdani, Mnubi mwenye ndevu za kijivu aliyekuwa akipitisha mizigo ya watu mpakani Oraba na aliyejulikana darasani kwa kuuliza maswali saa ya kwenda nyumbani.

Zulaika aliwasalimu wote kwa heshima kama inavyompasa mtoto wa watu, kisha akaeleza. Alieleza taratibu, kwa mifano, akinyanyua fomu juu. Pande ni mbili. Tiki ni moja. Ukiona zote mbili ni za kweli, chagua ile iliyo kweli zaidi. Alirudia mara tatu. Aligawa kalamu.

Hakuna aliyeandika.

"Binti, ngoja," alisema Hamdani, akiishika fomu kwa ncha za vidole. "Hii karatasi inauliza mizigo yangu inapita juu ya nani. Mimi napanga makaratasi usiku kucha. Nafika Oraba saa kumi na mbili. Hiyo iko yangu. Lakini kama upande ile ingine wamefunga mpaka, mimi nafanya nini? Nawafungulia mimi? Sasa nikitia tiki moja, mimi nadanganya."

"Mzee Hamdani, ni kwa ajili ya kipimo tu."

"Kipimo inapima nini kama mutu anadanganya?"

Watu walicheka, na Zulaika akahisi masikio yanapata moto. Alimgeukia Mama Poni kwa macho ya kuomba msaada. Mama Poni alijipangusa mikono kwenye kanga, akaizima mashine, na kelele ilipokatika sauti yake ikasikika mpaka barabarani.

"Zulaika, mimi nakupenda. Wewe iko mutoto wa Sule, na Sule anashonea watu yangu. Lakini siku ile ulisimama mbele yetu, kwa domo yako, ukasema jibu mubaya hakuna. Ulisema ama hukusema?"

"Nilisema."

"Ukasema jibu yoyote mutu anatoa, iko sawa. Sisi tuliamini. Tena tulikaa mpaka saa kumi na moja, watu wanaacha kazi. Leo unarudi kusema tulikosa." Alionyesha mashine kwa kidevu. "Ona hii. Mashine iko yangu. Mimi nasafisha, mimi nafunga mukanda, mimi nafungua asubui mbele ya watu yote. Umeme hapana yangu. Umeme inakuja inavyotaka. Sasa hawa mama wakipata unga, ni juu yangu ama ni juu ya umeme?"

"Ni juu ya... vyote viwili."

"Basi. Tiki mbili."

"Lakini umeme ukikatika siku nzima, Mama, huumii roho?"

"Naumia. Mara moja. Halafu nachukua daftari, nakaa hapa, nasoma somo ya Jumamosi. Umeme ikirudi, nasaga. Mitihani ya mwaka jana yote nilisoma hapa juu ya gunia, na nilipita." Aliwasha mashine tena. Mkutano ulikuwa umekwisha.

Walimrudishia fomu zake safi, kalamu zake zote, na nesi akamwachia chupa ya maji. Zulaika alikuwa na hasira ambayo hajawahi kuwa nayo. Alijihisi kama mtu aliyefukuzwa mchezoni na timu yake mwenyewe. Kilichomuuma zaidi ni kwamba walikuwa na haki. Alikuwa amesema jibu baya hakuna. Aliisoma sentensi hiyo kwa sauti kutoka kwenye karatasi, kwa sababu utaratibu wa utafiti ulitaka isomwe, na kumbe katika chumba kile wa kutoiamini alikuwa yeye peke yake.

Alipita kwa baba yake, pale pale Koboko, kabla ya kurudi Arua. Mzee Sule alikuwa kwenye cherehani yake barazani, anashona kola ya kanzu, pini tatu mdomoni. Alizitoa moja moja ndipo akazungumza.

"Mama, Ijumaa ni saa ngapi? Nafunga duka, nakuja."

"Saa nne, Baba. Lakini wageni hawaingii."

"Nitakaa nje. Nje pia iko kitu." Alimtazama. "Umekonda."

Alitaka kumwambia. Badala yake akasema ni mitihani tu. Aliondoka machozi yakimlengalenga, na ndani ya gari aligeuza uso dirishani mpaka Arua ili jirani yake asimuulize kitu.

Alhamisi asubuhi aliziweka zile fomu arobaini kitandani. Alitaka kuziangalia mara ya mwisho kabla hajazifunga, ndivyo alivyomwambia Christelle. Christelle, ambaye hakuwa amefundishwa utaratibu wowote wa kuogopa karatasi, alivuta fomu moja akaifungua katikati.

"Hii ukurasa ya pili umejumlisha?"

"Sijajumlisha. Ukurasa wa kwanza ukiharibika, fomu yote unaiweka kando."

"Nani alisema?"

Zulaika alijaribu kukumbuka. Hakuna aliyesema. Ni yeye mwenyewe, kwa unadhifu wake, aliyetenga fomu zile siku ya kwanza na asizifungue tena. Ukurasa wa pili ulikuwa na maswali kumi juu ya msongo: wiki mbili zilizopita ni mara ngapi umeona mambo yamekuzidi, ni mara ngapi umeshindwa kutulia, na kadhalika, kila swali kutoka sifuri hadi nne. Kurasa zile za Koboko zilikuwa safi kabisa, tiki moja kwa kila swali.

Wakaanza kujumlisha, Christelle akisoma, Zulaika akiandika. Kumi na moja. Kumi na tano. Tisa. Kumi na nne. Walipomaliza wakagawanya, na wastani ukawa kumi na tatu kati ya arobaini. Zulaika akachukua fomu za Arua. Wale waliotia tiki upande wa juhudi yangu karibu kote, watu kama yeye, walikuwa na ishirini na saba. Wale waliotia upande wa pili, kwamba kila kitu kiko nje ya uwezo wao, walikuwa na ishirini na sita. Alirudia hesabu. Akairudia tena. Kisha akafungua ukurasa wa tatu, wa motisha, na kukuta kwamba watu wa Koboko, wenye maduka na watoto na mashine, ndio waliokosa vipindi mara chache zaidi.

Hakupiga kelele. Alikaa sakafuni akaegemea kitanda, na kwa mara ya kwanza katika miezi mingi alifurahi, furaha tupu, kama ya mtoto aliyepata kitu alichokuwa amekikalia.

"Hawakuharibu fomu," alisema. "Fomu ndiyo haikuwa na nafasi yao."

"Ndio vile nilikuwa nataka kusema," alisema Christelle, ingawa hakuwa anataka kusema hivyo hata kidogo.

Saa sita alikuwa mbele ya Ondoga. Mwalimu alisikiliza, akasoma takwimu, akazungusha kalamu. Alikuwa mtu mwenye haki, na usoni ilionekana kwamba namba zile zimemgusa. Lakini hakuzivuta kwake.

"Aliyetunga kipimo hiki alisema moja. Mimi ni nani, wewe ni nani, hata tuseme mbili? Mtahini wa nje ni Dakta Natale kutoka Gulu. Simjui. Ukiingia na hizi fomu, Zulaika, unaingia peke yako. Mimi sitakutetea."

"Na nikileta arobaini mpya?"

"Zikiwa safi, nitasaini leo leo." Hakumtazama machoni alipolisema hilo. Labda alimjua Anguzu pia.

Na Anguzu hakuwa mtu wa kusubiri kuambiwa. Zulaika aliporudi chumbani alimkuta ameketi kizingitini na bahasha ya kaki magotini. Fomu arobaini. Alikuwa amejaza tangu jana mchana. Zulaika alizipitia moja moja, na lazima tumpe kijana haki yake: zilikuwa kazi ya fundi. Palikuwa na mwandiko wa nesi na mwandiko wa askari. Moja ilikuwa na alama ya kikombe cha chai. Tiki moja kwa kila jozi, bila kosa. Msongo aliuweka wa kati, motisha ya kati, kila kitu kimekaa pale ambapo mwalimu yeyote angetaka kikae.

Fikiria mtu wa aina ya Zulaika anaposhikishwa kitu kama hicho. Maisha yake yote alitaka mambo yawe mikononi mwake, na sasa yalikuwemo, hata majibu ya watu wengine. Saini ya Ondoga ilikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu. Kazi ya Lurujo ilikuwa ndani ya bahasha ile. Alizishika muda mrefu. Siwezi kukudanganya kwamba hakuzitamani.

Lakini alimwona Hamdani na fomu yake kwenye ncha za vidole. Kipimo inapima nini kama mutu anadanganya? Akazirudisha ndani ya bahasha.

"Chukua, Anguzu. Sizitumii."

"Dada! Mukono umeniuma mpaka saa hii."

"Pole sana. Christelle, mpe mandazi."

"Ziko nzuri lakini?" aliuliza Anguzu, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Ni nzuri mno. Watu halisi hawajibu vizuri hivyo."

Mchana wote uliobaki alikaa mezani na kuandika sura ya nne upya. Aliweka hesabu mbili. Ya kwanza ilifuata kanuni na kutumia fomu za Arua peke yake. Ya pili ilikuwa na fomu zote themanini, na waliotia tiki mbili wakahesabiwa kuwa kundi lao wenyewe. Aliandika wazi mahali alipovunja kanuni na kwa nini. Alikula pia, sahani nzima ya enyasa, ule ugali wa muhogo, na mboga aliyopika Christelle, na alipomaliza ndipo akagundua kwamba amekula.

Ijumaa saa nne kamili aliingia. Jopo lilikuwa na watu watatu: mama aliyekuwa mkuu wa idara, Mwalimu Ondoga, na Dakta Natale, mzee mfupi mwenye miwani minene na tabia ya kulamba kidole kabla ya kufunua ukurasa. Mengi yalisemwa kwa Kiingereza, nami nayasimulia kwa namna yetu.

Zulaika alieleza kwa dakika kumi na tano na sauti yake haikutetemeka. Alipofika kwenye fomu za Koboko, Ondoga alitazama dirishani.

"Binti," alisema Dakta Natale, "unajua kwamba umevunja kanuni ya kipimo?"

"Ndiyo, Dakta. Nimeandika hivyo ukurasa wa thelathini na moja. Na matokeo bila kuivunja yako ukurasa wa ishirini na tisa. Sikuficha lolote kati ya hayo mawili."

"Kwa nini hukutafuta watu wengine?"

"Niliambiwa nitafute. Ningeweza kuwapata. Lakini nilikuwa nimewaambia watu arobaini kwamba hakuna jibu baya. Walijibu kweli. Nikizitupa fomu zao, basi mwongo katika utafiti huu ni mimi."

Mkuu wa idara aliandika kitu. Natale alilamba kidole, akafunua, akafunua tena.

"Hawa wa Koboko ni watu wazima. Wale wa Arua ni vijana. Labda wanatulia kwa sababu ya umri tu. Kutia tiki mbili hakuhusiki hata kidogo."

Lilikuwa swali kali, na wiki moja nyuma lingemvunja Zulaika, angejilaumu mpaka asubuhi kwamba hakuliona. Sasa lilimfurahisha.

"Inawezekana kabisa. Sina namna ya kulikataa hilo kwa fomu themanini. Ninachoweza kusema ni kwamba kipimo kiliwalazimisha waseme kila kitu ni chao au hakuna kilicho chao, na wao wakakataa. Waliotulia ni hao waliokataa. Mwenye uwezo zaidi yangu achunguze kwa nini."

"Na kiongozi wao, huyu unayemtaja kuwa na mashine, ni nani?"

"Samahani, Dakta. Majina ya washiriki sitaji."

Dakta Natale aliinua uso. Kwa sekunde chache hakuna aliyejua kama amekasirika. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha puani, na kumwambia atoke nje asubiri.

Alisubiri kwenye ngazi. Mzee Sule alikuwa chini ya kilima, karibu na lango, amevaa kanzu yake ya Ijumaa, anazungumza na askari wa getini kana kwamba wamejuana miaka. Zulaika alimtazama kutoka juu. Alijua kwamba ndani watu watatu wanaamua juu yake na kwamba hakuna ratiba, rangi wala mbio ambazo zingeufikia mlango ule. Alikuwa na hofu, ndiyo. Ila ilikuwa hofu ya ukubwa wa kawaida, ya kubebeka.

Aliitwa baada ya dakika ishirini. Mkuu wa idara alisoma kutoka kwenye karatasi. Kazi imekubaliwa, kwa masharti ya marekebisho. Aongeze ukurasa kuhusu suala la umri, asitumie neno "imethibitika" mahali popote, afute maneno ya kujisifu katika hitimisho. Siku kumi. Akizitimiza, atahitimu mwaka huu.

"Zitatosha?" aliuliza Natale.

"Zitatosha, Dakta."

Alitoka. Ondoga alimfuata mpaka kwenye ngazi, akasimama kando yake, mikono nyuma. Alionekana kama mtu mwenye deni la neno ambalo hajui alianzie wapi.

"Zile fomu," alisema mwishowe. "Niletee Jumatatu. Nataka kuzisoma mwenyewe, zote." Akakohoa. "Lakini ujue una bahati, Zulaika. Mtahini wa mwaka jana angekurudisha nyumbani kabla ya chai. Una bahati kubwa sana."

Zulaika alilifikiria hilo kwa makini, kama jozi ya kumi na tatu. Zamani angebisha, au angevunjika moyo.

"Ni kweli, Mwalimu," alisema. "Bahati ilikuwepo mle ndani. Na mimi pia nilikuwepo."

Akateremka kwenda kumwambia baba yake.